Gédéon na Pontiac Isiyokwisha

“Baba mkubwa, hili gari litakwisha lini?”

Aliyeuliza ni mimi, Asifiwe, nikiwa na miaka tisa, nimekalishwa juu ya rundo la matairi katika gereji moja huko Fisksätra, miguu yangu haifiki chini. Baba mkubwa Gédéon alikuwa amezama ndani ya boneti mpaka kiunoni, mgongo tu ndio unaonekana. Mlio wa spana ukanyamaza. Nikangoja. Halafu mgongo ukasema, “Asifiwe, mama, umeshakula?”

Basi, swali likabaki hapo hapo sakafuni pamoja na mafuta.

Gédéon ni kaka mkubwa wa baba yangu. Kazi yake ni kutengeneza mabasi, nyumba yake iko Norsborg, kule ambako treni nyekundu hufika na kukosa pa kwenda. Ana mke, Dorothée, na binti mmoja mtu mzima, Heshima. Na ana ugonjwa wa kutokaa. Anakula amesimama. Kanisani anachagua kiti cha karibu na mlango, na wimbo wa pili haujaisha yuko nje, eti anaangalia kama magari ya watu yameegeshwa vizuri. Ukimlazimisha kukaa, mguu wake wa kulia unaanza kutikisika mpaka vikombe mezani vinacheza. Dorothée husema mumewe alizaliwa mama yake akiwa amesimama, anasubiri lori.

Na huenda lori lenyewe lilikuwa la baba yake. Mzee Baudouin alikuwa fundi wa malori ya pamba kule Uvira. Watu wanasimulia kwamba alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anakuambia ni silinda ipi inaumwa. Gédéon alijifunza ufundi hapo. Halafu vita ikaja, vijana wakavuka mpaka, na mzee, ambaye alikuwa mgonjwa, akabaki na mkewe, Bibi Maombi. Miaka mitatu baadaye alifariki. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Siku hiyo Gédéon alikuwa kambini, ng’ambo ya ziwa, na udongo wa kwanza ulitupwa na binamu. Nimesikia habari hii kwa watu wengine. Yeye mwenyewe haisemi.

Gari lilikuja baadaye sana, Sweden. Pontiac ya mwaka 1968, milango miwili, silinda nane, boneti ndefu kama kitanda cha watu wawili. Ukiishi Stockholm utakuwa umewaona Waswidi wenye magari ya Kimarekani ya zamani: kiangazi kikifika wanayatoa, wanatembea polepole, vioo vimeshushwa, muziki juu, kama harusi isiyokuwa na bibi harusi. Gédéon alikuwa akiyasikia kabla hayajaonekana. “Hiyo ni V8,” anasema, na anaacha chakula. La kwake alilinunua kwa mzee mmoja ambaye watoto wake walitaka kulipeleka kwenye vyuma chakavu. Miti ya matunda ya porini ilikuwa imeota ikapita katikati ya sakafu yake. Siku alipolileta juu ya trela, watu wa kanisa walikuja kuangalia, wakaangalia sana, na mmoja akauliza kwa heshima, “Fundi, hili unalitengeneza, au unalizika?”

Siku hiyo hiyo Gédéon alimpigia mama yake simu. “Mama, nina gari natengeneza. La thamani. Likishakwisha naliuza, halafu nakuja.”

“Mungu na alibariki hilo gari,” alisema Bibi Maombi.

Basi Mungu akalibariki, na Gédéon akafanya kazi. Alikata kutu yote akachomelea bati jipya. Spea zilikuja kwa posta kutoka Amerika, na Dorothée, akifungua maboksi akitegemea viatu, alikutana na vifuniko vya valvu. Kila Jumamosi Gédéon alipanda treni nyekundu mpaka Slussen, akabadilisha, akaenda Fisksätra, mwendo wa saa nzima na zaidi, na jioni akarudi ananuka petroli. Na kila Jumapili baada ya ibada Bibi Maombi alikuwa hewani akiuliza, “Gari limefika wapi?”

“Bado kabureta, Mama.”

“Si mwaka jana ilikuwa kabureta?”

“Mwaka jana ilikuwa gasketi ya kabureta.”

Hebu fikiria: bibi ambaye maishani hajaendesha hata baiskeli, na majina yote ya injini anayajua. Waliomtembelea Uvira walirudi wanasema anaweza kufungua duka la spea. Miaka ikapita hivyo, saba, nane, tisa. Gari lilikuwa limeshapakwa zamani rangi ya kijani iliyokolea, viti vimeshonwa upya, bampa zinang’aa mpaka unaweza kuchania nywele, na bado kila kiangazi kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakijakaa sawa. Likizunguka uani mwa gereji mara mbili linarudishwa ndani, boneti inafunguliwa.

Katika mwaka wa kumi na moja, majira ya baridi yakielekea mwisho, Bibi Maombi alilazwa wiki mbili kwa sababu ya moyo. Alipotoka alizungumza na mwanawe kwa sauti ndogo.

“Gari sitaliuliza tena,” alisema. “Mimi pia ni gari la zamani, mwanangu. Tena spea zangu haziletwi na posta.”

Akacheka mwenyewe. Gédéon hakucheka. Jumapili iliyofuata mama yake aliuliza kuhusu baridi, kuhusu Heshima, kuhusu mguu wa mchungaji. Iliyofuata, hivyo hivyo. Gari halikutajwa. Mara ya tatu Gédéon alikata simu akaenda barazani, akarudi, akaenda jikoni, akafungua friji akaifunga, akaenda tena barazani.

“Heshima,” akaita. “Niandikie tangazo.”

Heshima alileta kompyuta. Wazazi wanamwongelesha Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi, na nyumba inaendelea. Aliandika kila kitu: mwaka, injini, kwamba namba ya injini na namba ya bodi zinalingana, kwamba mwenye gari ndiye fundi. Walipofika kwenye bei, Gédéon akataja yake. Heshima akaondoa vidole kwenye kompyuta.

“Pappa! Hiyo ni nyingi mno.”

“Ni ya kuanzia. Wao wanashusha, mimi nalia kidogo, tunakutana katikati.”

“Hapa hawapatani hivyo. Mtu akiona bei haifai anaondoka tu.”

“Binadamu wote wanapatana. Hata Ibrahimu alipatana na Mungu, kutoka hamsini mpaka kumi.”

“Na Sodoma ikaungua,” alisema Heshima, akaandika bei ya baba yake.

Mnunuzi wa kwanza alikuja Jumamosi, mwanaume mrefu mwenye kofia. Hakusema zaidi ya salamu. Alitoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha kwenye bati lote, polepole, kama daktari na tumbo la mjamzito, akitafuta mahali ambapo sumaku haitashika, maana hapo chini ya rangi kumefichwa pati ya kuzibia badala ya chuma. Sumaku ilishika kila mahali. Akalala chini na tochi, akainuka, akaomba injini iwashwe, akasikiliza. Mguu wa Gédéon ulikuwa unapiga sakafu.

“Gari zuri sana,” mwanaume akasema. “Asante kwa kunionyesha.” Akatoka.

Gédéon alitabasamu. Huo mchezo anaujua. Sokoni Uvira mteja akishapenda kitu ndivyo anavyofanya: anaondoka polepole, anangoja aitwe. Akamwacha apige hatua kumi, kumi na tano, akatoka mlangoni akaita, “Haya, rudi! Rudi tuongee!”

Mwanaume akageuka, akapapasa mifuko. “Nimesahau kitu?”

“Sema bei yako!”

“Lakini bei si umeiandika?” alisema mwanaume, kwa upole kabisa, na akaingia garini mwake akaenda zake. Gédéon alisimama pale mlangoni dakika ishirini nzima. Alikuwa na hakika atarudi.

Wiki mbili hakuna aliyepiga. Gédéon aliliosha gari kila siku baada ya kazi, lile lile lililooshwa jana yake. Usingizi ukawa wa vipande. Simu ikilia anaruka. Dorothée alijaribu kumtania: “Si ulisema kizuri chajiuza? Mbona hiki kinajioga tu?”

Halafu akaja wa pili, kijana mwenye viatu vyeupe visivyojua matope. Hakufungua boneti. Hakulala chini. Alilizunguka gari mara moja akipiga picha, kisha akasema, “Nalichukua. Bei hiyo hiyo. Nikutumie sasa hivi?”

Mtu mwingine angeimba zaburi. Gédéon alisogea akasimama mbele ya boneti. “Hutaki kuisikiliza injini?”

“Nakuamini.”

“Hutaki kusema hata neno juu ya bei?”

“Bei ni sawa.”

“Basi,” Gédéon akasikia mdomo wake ukisema, “haliuzwi.”

Alirudi Norsborg, akamweleza mkewe akiwa amesimama mlangoni na koti. Dorothée alikuwa anakanda unga. Aliacha mikono ndani ya bakuli.

“Rudia, Papa Heshima. Sijasikia vizuri.”

“Mtu asiyepatana hanunui, Mama Heshima. Mwizi hapatani. Mlevi hapatani. Nikimpa mtu wa namna ile, mwezi ujao analigonga kwenye nguzo.”

“Ah non! Alitaka kulipa bei ambayo hata wewe uliiogopa!”

“Hakufungua hata boneti!”

“Na wewe umeifungua miaka kumi na moja, umeona nini?” Dorothée akatoa mikono kwenye unga, akamwelekea na vidole vyeupe. “Nisikilize. Huyo kijana hukumwogopa. Unaogopa kaburi la baba mkwe. Unajua gari likitoka leo, kesho ni tiketi, na kesho kutwa umesimama pale mbele yake na mikono mitupu. Sema ni uongo.”

Gédéon hakusema ni uongo. Alivua kiatu kimoja, akakivaa tena.

“Mama yako anaongea na sisi kuhusu hali ya hewa,” alisema Dorothée, sauti imeshuka. “Unajua mtu anaongea kuhusu hali ya hewa lini? Akishaacha kungoja. Mnunuzi mwingine akija, nakwenda gereji na mimi. Na nitakaa katikati yenu.”

Alikuja, Julai. Hanna, kutoka Upplands Väsby, mwanamke wa miaka sitini hivi, nywele fupi nyeupe, na mafuta chini ya kucha, yale ambayo sabuni imeshayakatia tamaa. Alikuwa na sumaku yake, tochi yake, na mto wake wa kupigia magoti. Kabla hata ya salamu kuisha alitazama karatasi ya bei iliyobandikwa kiooni.

“Hii bei,” akasema, “iliandikwa na mtu mwenye homa.”

Uso wa Gédéon ukafunguka. Dorothée anasema hakuwahi kumwona hivyo tangu Heshima azaliwe.

“Homa?” alisema Gédéon. “Mama, umeliangalia gari lenyewe? Weka sumaku yako!”

“Nitaiweka. Na nikimaliza utapunguza.”

“Ukimaliza utaongeza!”

Zilikuwa saa mbili za raha. Hanna alikuwa amekulia kwenye magari hayo, baba yake alikuwa na mawili, na kwenye masoko ya spea alikozoea kwenda watu wanabishana bila kuona haya. Alilalamikia tairi, saa ya dashibodi, mshono wa kiti cha nyuma. Gédéon akajibu kila moja. Hanna akaenda mpaka kwenye gari lake akawasha injini, akaizima, akarudi. Gédéon akatoka kwenye gereji yake mwenyewe kwa hasira, akakumbuka ni yake, akarudi. Dorothée alikuwa ameleta kahawa kwenye chupa na mandazi ya moto, na katikati ya matusi Hanna alikula manne. Bei ikashuka kidogo, ikapanda kidogo, ikakaribia mahali ambapo Gédéon moyoni alikuwa ameshapakubali zamani.

Hapo Hanna akainama tena ndani ya boneti. Tochi ikabaki imeelekea mahali pamoja.

“Hebu njoo,” akasema, na sasa hakuwa anatania. “Hizi bolti za kabureta. Vichwa vimelika mpaka spana itateleza. Gari zima ni jipya, hizi tu ndizo zimechakaa. Mimi najua bolti. Kitu kinachofunguliwa namna hii kina ugonjwa. Mwenye gari, ni ugonjwa gani?”

Treni ya Saltsjöbanan ikapita nje, ikaisha. Dorothée alingoja mumewe aruke, kama alivyorukia tairi na saa na mshono. Jambo la kuheshimika zaidi kwake ni injini ile. Angesema tu, haina ugonjwa, isikilize.

Gédéon aliangalia bolti. Akamwangalia Dorothée, akaangalia chini. Mguu ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

“Lichukue kwa bei yako,” akamwambia Hanna.

“Ile ya kwanza? Ile ya chini?”

“Ile ya kwanza.”

“Papa Heshima!” Dorothée akamfinya mkono. “Umelogwa? Dakika mbili zilizopita ulikuwa simba!”

“Nimesema, Mama Heshima. Wewe ni shahidi.”

Shahidi mwenyewe alikuwa mdomo wazi. Hanna pia hakufurahi kama mtu aliyeshinda, aliendelea kumtazama Gédéon kama anatafuta pati. Lakini alitoa simu. Hapa gari halibadilishi mwenyewe kwa wazee kukaa na kuandikiana karatasi. Hanna akabonyeza, Gédéon akabonyeza, simu ikasema asante. Miaka kumi na moja ilikuwa imeondoka kwa kidole gumba.

“Ngoja,” akasema Gédéon. Akaingia nyuma, akatoka na taa ya mbele ya akiba, kopo la rangi ile ile ya kijani, na boksi la gasketi mpya.

“Hivi sijalipia,” alisema Hanna.

“Ni matabishi. Kwetu ukiuza lazima uongeze kitu juu. Asiyetoa matabishi anauza mara moja tu maishani.”

“Na mandazi?”

“Mandazi ni matabishi yangu mimi,” alisema Dorothée, ingawa alikuwa bado na hasira, akamfungia yaliyobaki.

Hanna aliliwasha. Watu wa Fisksätra wakatoka kwenye baraza zao kusikiliza silinda nane zikipanda mlima kuelekea barabara kuu. Gédéon hakungoja sauti iishe. Alichukua ufagio akafagia gereji tupu, akamaliza, akaanza upya upande ule ule, mpaka Dorothée akamnyang’anya ufagio.

“Twende tukakate tiketi,” alisema.

“Leo ni Jumamosi, ofisi zimefungwa.”

“Tiketi ziko kwenye simu, kama magari. Twende.”

Gédéon alikwenda Agosti, kwa ndege mpaka Bujumbura, kisha kwa gari mpaka Uvira. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni. Aliichukua mikono yake, akaigeuza, akainusa. “Haina petroli,” akasema. “Kweli umeuza.” Kesho yake walikwenda kaburini. Gédéon alikuwa amekodi jembe, amenunua mifuko miwili ya saruji, ana mpango wa kujenga, kupiga plasta, kupanda ua. Alipalilia kwa nguvu mpaka shati likalowa, na Bibi Maombi akamtazama kwa muda akiegemea fimbo yake.

“Gédéon,” akasema, “acha vyombo. Kaa chini na baba yako.”

Alikaa. Haya ndiyo aliyotusimulia, na hakuongeza. Wiki tatu baadaye alirudi Norsborg, na kwa mara ya kwanza nilimwona akila kwenye kiti, ingawa mguu ulicheza ilipofika chai.

Oktoba nilimkuta nyumbani kwake, anamenya viazi. Nina miaka kumi na saba sasa na bado nauliza maswali. Nilitaka kujua kama yule mama wa Upplands Väsby hajapata shida na kabureta, maana Dorothée alikuwa ameshanihadithia habari ya bolti mara tatu, na kila mara anamalizia, “Sijaelewa mpaka leo.”

Gédéon akaweka kisu mezani. Akatazama kwanza kama Dorothée yuko karibu. Alikuwa karibu, kwenye mlango, na Gédéon aliona, na akasema hivyo hivyo.

“Ile kabureta haijawahi kuumwa hata siku moja. Asifiwe, uliniuliza siku ile, ukiwa juu ya matairi, litakwisha lini. Lilikuwa limekwisha jana yake. Niliwasha, likashika mara moja, likanguruma vizuri sana, nikalizima haraka jirani asisikie. Ulipokuja na swali lako, nilikuwa pale nafungua nilichokwisha kufunga.”